Saa ya Kunyunyizia Dawa: Ushirikiano wa Serikali na Washirika katika Kuwahifadhi Wadudu Wachavushaji, Musanda



Maana ya uchavushaji yajulikana na kila aliyehudhuria, wala sitaichosha hadhara kwa kuieleza. Yatosha kukumbusha kwamba ni mjini Nairobi, mwaka 2000, mataifa ya Mkataba wa Bayoanuwai yalipoafikiana kuwahifadhi wadudu wachavushaji. Kazi nazo zimegawanywa: bodi ya taifa husajili dawa za wadudu kwa sheria ya 1982, kaunti imekabidhiwa ugani na Katiba ya 2010, na wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, hutafiti. Kwa upande wa karatasi, hatuna upungufu.

Taabu yetu ni saa. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini Kenya mwaka 2017, mkulima wa hapa, ambaye aghalabu huchanganya mahindi na maharagwe katika shamba moja, hulazimika kushika bomba mhindi ungali mchanga; na kwa kuwa maharagwe huchanua kati ya siku ya 35 na ya 45, dawa iliyokusudiwa kiwavi humwagikia maua, ilhali nyuki wamo kazini. Vijitabu vyetu vyote husema: nyunyizia jioni. Ushauri huo ni sahihi kwa nyuki, ambao jioni wamekwisha kurejea mizingani, tena ni sahihi kwa kiwavi, ambaye hujificha moyoni mwa mhindi mchana na kutoka jua likipoa. Lakini aliyeuandika hakuziuliza mvua za huku magharibi mwa nchi, ambazo aghalabu hunyesha alasiri na kuiosha dawa kabla haijakauka. Wala hakumuuliza kibarua, ambaye huanza alfajiri na kumaliza kabla ya adhuhuri, asiyekubali kurudi jioni kwa ujira uleule. Basi mkulima hunyunyizia asubuhi, saa tatu au nne, maua yakiwa wazi, nasi twamwita mkaidi.

Sisemi kwamba wakubwa wetu wamepuuza, la hasha. Lakini nimeliandika jambo hili katika taarifa baada ya taarifa, na ofisi moja, ambayo adabu yanizuia kuitaja, hujibu kwamba mwongozo umekwisha kuchapishwa.

Kwa hiyo napendekeza, kwanza, kaunti na washirika wake waandike upya mwongozo huo kwa kufuata mvua za hapa. Pili, mvua ikikatalia jioni, dawa itiwe moyoni mwa kila mhindi, isirushwe juu ya shamba zima. Tatu, dawa za msaada ziletwe mapema, zikitanguliwa na zile za mwarobaini na za bakteria ya Bt, ambazo madhara yake kwa nyuki ni madogo zaidi. Nne, jirani mwenye mizinga aarifiwe siku moja kabla. Tano, mbinu ya icipe ya kuwafukuza viwavi kwa kupanda desmodiamu kati ya mistari na majani ya brakiaria pembezoni ifundishwe pamoja na maharagwe, maana akina mama hawatayaacha, wala hawapaswi kuyaacha. Sita, ingawa nimekwisha kulisema, saa: kibarua anayekubali kazi ya jioni alipwe nyongeza, na nyongeza hiyo iingizwe katika bajeti ya ushirikiano huu kabla ya masika, si baada ya mavuno.