Maisha ya Kiasi katika Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Maisha ya kiasi ni mpangilio wa kazi, chakula, mali na mapumziko unaoiwezesha kaya kupata mahitaji yake mwaka mzima bila kuzama katika madeni, bila kuwachosha watu wake kupita kiasi, na bila kuimaliza ardhi. Hayo si ufukara. Fukara hana la kuchagua, ilhali kaya inayoishi kwa kiasi ina akiba ghalani, ina ndugu wa kumwendea, na ina uwezo wa kuiacha kazi ya leo ifanyike kesho. Wala si suala la moyo wa mtu mmoja aliyekinai peke yake. Henry David Thoreau, mwandishi wa Marekani ambaye hutajwa kila maisha rahisi yanapozungumzwa, aliishi peke yake kando ya bwawa la Walden kuanzia 1845 hadi 1847, kisha akarudi mjini. Kusini-magharibi mwa Tanzania, katika milima ya Mbinga na kwenye fukwe za Ziwa Nyasa, kiasi kilijengwa kwa njia nyingine kabisa: kilikuwa kazi ya ukoo mzima, na kilidumu kadiri ukoo ulivyoshikamana.

Wilaya ya Mbinga iko katika Mkoa wa Ruvuma. Mwaka 2012 sehemu yake ya magharibi, inayopakana na ziwa, ilitengwa kuwa Wilaya ya Nyasa, lakini maisha ya pande hizo mbili hayajawahi kutengana. Juu ni Umatengo, milima mikali inayokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yenye mvua nyingi na baridi ya kutosha kustawisha kahawa. Chini, katika usawa wa mita 470 na kitu, ni Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, penye joto, mchanga, muhogo na samaki. Safari ya kuteremka kutoka milimani humtoa mtu kwenye moto wa jioni na blanketi zito hadi kwenye mikeka ya kuanikia dagaa.

Msingi wa maisha ya milimani ni kilimo cha ngoro, yaani cha mashimo na matuta mteremkoni. Katika karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, walienea Songea na kuwasukuma Wamatengo wajikusanye kwenye miinuko ambayo ingekuwa rahisi kuilinda. Watu wakawa wengi, ardhi ikawa kidogo, tena ya mteremko mkali. Mahali pengine hali kama hiyo ingezaa makorongo na njaa. Katika hali hiyo Wamatengo walibuni ngoro, ustadi ambao hata maofisa wa kikoloni waliukubali: mwaka 1938 A. H. Pike aliuandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati ambapo serikali hiyohiyo ilikuwa ikiwashurutisha wakulima wa mikoa mingine kuhifadhi udongo kwa njia zisizowaingia akilini.

Mvua zinapokaribia kwisha, mwezi Machi, wanaume hufyeka majani marefu yaliyoota shambani na kuyaacha yakauke. Kisha huyapanga kwa mistari inayokatana, hata shamba lote likawa na miraba ya hatua moja au mbili kila upande. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani. Hubaki shimo katikati na tuta pande zote nne, na maharage hupandwa kwenye matuta. Majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea. Mashimo hukamata maji ya mvua na udongo unaotaka kuteremka. Maharage huvunwa katikati ya mwaka. Mvua mpya zikianza, Novemba au Desemba, mahindi hupandwa kwenye matuta yaleyale, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yaoze. Baada ya mahindi kuvunwa shamba hupumzishwa hadi Machi inayofuata, ambapo mashimo mapya huchimbwa palipokuwa na matuta. Mzunguko mzima huchukua miaka miwili, kwa hiyo kaya huwa na mashamba mawili au zaidi, moja likiwa na maharage na jingine mahindi.

Mpangilio huu una kiasi ndani yake. Shamba halilimwi kila msimu. Pumziko lake limepangwa, na bila pumziko hilo majani ya kufukia hayapatikani. Mkulima mwenye pupa ya kulima mfululizo hapati mbolea ya mwaka unaofuata. Kazi nayo imegawanyika: miezi ya kufyeka na kuchimba ni mizito, miezi ya kiangazi ni ya kujenga nyumba, harusi, ngoma na kutembelea ndugu.

Mashamba hayo yalikuwa ndani ya eneo liitwalo ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima uliozungukwa na vijito, mali ya ukoo mmoja. Mwenye ntambo alikuwa na kila aina ya ardhi: kilele chenye miti, mteremko wa ngoro, mahali pa nyumba na migomba, na bonde lenye unyevu la bustani za kiangazi. Hakulazimika kununua kuni wala mboga. Kahawa ilipoingia, katika miaka ya 1920, ilipandwa karibu na nyumba, na ngoro ikaendelea kulisha watu.

Kitovu cha ntambo kilikuwa sengu. Wanaume wa ukoo na wavulana walikula pamoja nyumbani kwa mzee, na kila mke alileta chakula alichopika. Mlo huo ulikuwa pia baraza. Hapo mgogoro wa mpaka uliamuliwa, kijana mvivu alionywa mbele ya baba zake wote, na mipango ya kusaidiana shambani ilipangwa. Zaidi ya yote, njaa ya nyumba moja ilijulikana siku hiyohiyo. Nyumba iliyovuna kidogo ilikula na nyumba iliyovuna sana pasipo mtu kwenda kuomba, na aibu ya kuomba ni mzigo ambao maskini wengi huuona mzito kuliko njaa yenyewe. Mtu aliyehakikishiwa mlo wa kesho hana haja ya kurundika. Hapo ndipo kukinai kunapopata mguu wa kusimamia.

Mtaalamu wa Kijapani, Makoto Kakeya, alikuwa ameliona jambo linalofanana na hilo miongoni mwa Watongwe wa magharibi mwa Tanzania katika miaka ya 1970. Walilima kiasi kilichokaribia kuwatosha tu, na sehemu kubwa ya chakula chao ililiwa na wageni. Lakini na wao walikula kwa wenzao walipotembea. Kakeya alieleza kuwa juhudi ndogo na kugawana vilikwenda sambamba, kila kimoja kikikitegemea kingine. Miaka ya 1990 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kuchunguza Umatengo, na kutokana na ushirikiano huo SUA ilianzisha mwaka 1999, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini. Sengu wakati huo ilikuwa imefifia, kwa kuwa kaya zilikuwa zimeanza kula kila moja kivyake, lakini watafiti na wanavijiji waliichukua kama mfano wa namna ya kukaa na kuamua mambo.

Mwambao una kiasi cha aina nyingine, kinachopangwa na mwezi na upepo. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku wa giza kwa kuwavuta kwa taa; zamani karabai, siku hizi taa za betri na za umeme wa jua. Mbalamwezi iking'aa taa hazina nguvu, na wavuvi hupumzika. Katikati ya mwaka upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, mawimbi yakawa makubwa, na mtumbwi wa gogo moja haufai kwenda mbali. Hizo ni siku za kushona nyavu, kulima muhogo, kuezeka. Usipa huishi takriban mwaka mmoja tu, na wingi wake hupanda na kushuka sana kati ya mwaka na mwaka. Kwa sababu hiyo kaya yenye busara haitegemei wavu peke yake. Ina shamba la muhogo, ambao hukaa ardhini ukisubiri kuchimbwa, na ina ndugu au mshitiri milimani. Usipa mkavu hupanda Mbinga, maharage na mahindi huteremka ziwani. Biashara hii, inayobebwa zaidi na wanawake, imelisha pande zote mbili katika miaka mibaya, na inastahili kuhesabiwa miongoni mwa akiba za eneo sawa na ghala lolote.

Kinachovunja mpangilio wa ziwani ni tamaa ya kuvua bila pumziko. Kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, huzoa samaki wachanga na kuharibu mazalia. Sheria za Tanzania zinalikataza, na vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi vimepewa wajibu wa kulidhibiti, lakini kokoro hurudi kila mahali ambapo mvuvi anadaiwa, maana mwenye deni hawezi kungoja mwezi uzame.

Deni ndilo linaloeleza pia kuyumba kwa maisha ya milimani. Kahawa ya Mbinga iliuzwa kwa miongo mingi kupitia ushirika, kwanza chini ya NGOMAT, umoja wa Wangoni na Wamatengo ulioanza miaka ya 1930. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na Mbinga ikapata chama chake, MBICU. Mkulima alikopeshwa mbolea na dawa, akalipa kwa kahawa. Sehemu ya mbolea hiyo ilimwagwa kwenye mahindi, kwa hiyo kahawa ilisaidia chakula bila kukiondoa. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa soko la kahawa ulivunjika na bei zikaanguka; katikati ya miaka ya 1990 soko la ndani lilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na MBICU ikaporomoka. Pembejeo za mkopo zikakoma. Wengine walifungua mashamba mapya misituni, ambako ngoro haikuwafuata.

Pengo hilo lilijazwa na magoma. Mnunuzi humpa mkulima fedha kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua, kwa bei anayoipanga yeye. Mavuno yakifika, gunia ni la mnunuzi huyo. Sababu yake ni kalenda. Shule hufunguliwa Januari na mahitaji ya sare, madaftari na michango. Kahawa huchumwa kuanzia Juni. Kati ya miezi hiyo ugonjwa mmoja au msiba mmoja hutosha kumpeleka mtu kwa mwenye magoma. Serikali imeyapiga marufuku, na kahawa imeelekezwa minadani kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Hata hivyo amri haiwezi kufanya kazi ambayo sengu iliifanya. Mkulima huyu huwa na kahawa nyingi kuliko babu yake, ana simu na bati, naye halali usingizi. Kinachomkosesha raha si udogo wa pato bali miezi mitano ambayo hana wa kumwegemea. Vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo wanawake wameviunda vijijini hugusa kidonda chenyewe, kwa sababu hutoa fedha mwezi wa Januari.

Mpangilio wa zamani haupaswi kusifiwa bila kutaja nani aliubeba. Ngoro huchimbwa na wanawake, mgongo umeinama, kwa wiki nyingi. Sengu iliwaketisha wanaume. Waliopika walikula kwingine na hawakuwa na kauli barazani. Mapumziko ya kiangazi yalikuwa ya mume zaidi kuliko ya mke, kwani kuni, maji na kutwanga havina kiangazi. Kiasi kinachopatikana kwa uchovu wa nusu ya kaya ni kiasi pungufu. Ndiyo maana kazi moja ya miaka ya SUA na JICA ina uzito unaozidi ukubwa wake: katika kijiji cha Kindimba wanavijiji walijenga kinu cha kusaga kinachoendeshwa na maji ya mto, kilichowapunguzia wanawake mwendo wa kutafuta mashine na gharama ya dizeli, na kikawapa watu sababu ya kulinda miti ya vyanzo vya maji.

Leo lami imefika Mbamba Bay kutoka Mbinga, na safari iliyokuwa ya siku nzima wakati wa masika sasa ni ya muda mfupi. Usipa unafika Songea ukiwa bado mbichi. Ardhi, hata hivyo, haijaongezeka. Ntambo iliyotosha mzee na wanawe imegawanywa kwa wajukuu na vitukuu, kila mmoja akipata ukanda usio na kilele wala bonde, na vijana wenye ukanda mwembamba hufupisha pumziko la ngoro au kuhamia mabonde ya mashariki. Hapo urari wa zamani hauwezi kurudishwa kwa kuigawa ardhi upya. Unahitaji bustani za kiangazi zinazotumiwa kwa pamoja, nguruwe na mabwawa ya samaki yanayotoa mbolea na kitoweo katika eneo dogo, na makubaliano ya ukoo kwamba vyanzo vya maji vya ntambo havikatwi vipande.