Mtambo wa Dizeli Usiofikia Mwendo Wake



Mashua ya tanga haiuhitaji sana mtambo siku ya upepo mwema. Lakini sisi tulikuwa tukiingia Pangani, maji yakipwa kwa nguvu na upepo umekufa. Mtambo uliozoea kuzunguka mara 2,800 kwa dakika haukupita 1,900, nasi twarudishwa nyuma kwenye fungu la mchanga. Nahodha akaamuru nanga itiwe. Fundi akashika spana aifungue pampu ya mafuta, nami, niliyesoma vitabu viwili vitatu, nikamwunga mkono. Mzee akatuzuia: "Moshi mmeutazama?"

Ulikuwa mweusi. Moshi mweusi huonyesha kwamba mafuta yanafika, ila hewa ni haba au mzigo umezidi. Chujio la mafuta likiziba, aghalabu mtambo hulegea pasipo moshi huo. Wala kuujaribu bila ya gia hakutoshi, kwani mtambo usio na mzigo hutaka mafuta kidogo tu.

Mtambo ukazimwa, kijana akazama. Rafadha ilikuwa imefunikwa na makombe madogo! Aliyakwangua kwa kisu muda wa nusu saa, tukaingia bandarini kabla ya magharibi, na pampu haikuguswa.