Jinai Haiozi



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka nizungumze, alipendekeza nieleze juu ya "Wajibu wa Mhitimu katika Utumishi wa Umma". Nilianza kuiandaa hotuba hiyo. Nilipofika ukurasa wa pili nikasinzia mwenyewe, nikaona si haki kuwatendea ninyi vivyo hivyo, tena kabla ya chakula. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya kuzungumza juu ya filamu ya televisheni. Naomba msicheke kwanza, mtaona tunakoelekea.

Mwaka 2023 niliteleza kwenye ngazi za ofisi nikavunjika mguu. Nilikaa nyumbani wiki sita, mguu umewekwa juu ya mto, mama watoto yuko kazini na watoto wako shule. Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa amerejea kutoka masomoni Uingereza, akanihurumia akaniletea diski za michezo ya upelelezi ya huko. Nilifurahi, kwa maana upelelezi ni maradhi yangu ya zamani. Wenzangu wa miaka ya 1990 watakumbuka kwamba vituo vya televisheni Tanzania Bara vilianza mwaka 1994, na hapa shuleni hatukuwa na chombo hicho. Sisi tulilelewa na Bwana Msa wa marehemu Muhammed Said Abdulla. Maktaba yetu ilikuwa na nakala moja tu ya Mzimu wa Watu wa Kale, nayo kurasa zake za mwisho zilikuwa zimechanwa na mtu asiye na huruma. Wako watu humu ndani, tena wengine ni wakubwa serikalini, waliomaliza kidato cha nne bila kumjua mwuaji ni nani.

Basi, katika diski zile mlikuwa na mchezo mmoja wa Inspekta Morse wa polisi ya Oxford uitwao The Wench is Dead. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1998, nao umetokana na kitabu cha Colin Dexter cha mwaka 1989. Morse aliigizwa na John Thaw, ambaye alifariki mwaka 2002. Mara nyingi Morse hukimbizana na mwuaji wa jana au juzi. Safari hii ni tofauti. Morse amelazwa hospitali kwa maradhi ya tumbo, hana la kufanya, amechoka kutazama dari. Anapata kitabu juu ya kesi ya mwaka 1859. Mwanamke mmoja jina lake Joanna Franks alikuwa akisafiri kwa mashua ya mizigo, katika mfereji uliochimbwa kupitisha bidhaa, akienda London kwa mumewe. Hakufika. Maiti ikaopolewa mferejini. Mabaharia wa mashua ile wakashtakiwa, watatu wakahukumiwa kufa. Wawili wakanyongwa; wa tatu akaponea dakika za mwisho, akahamishwa kupelekwa ng'ambo kutumikia adhabu yake.

Morse anakisoma kitabu kile kama mtu anayesoma jalada la ofisi, na hapo ndipo mimi nilipojikuta nimekaa wima, mguu na mguu wake. Anaona kwamba ushahidi mwingi dhidi ya wale mabaharia ulikuwa ni tabia yao. Walikuwa walevi, walikuwa na matusi, na mwanamke yule alikuwa amewalalamikia njiani. Watu wa namna hiyo, wakubwa wa mahakama walijiambia, wasipokuwa wao ni nani? Morse anamtuma askari kijana akatafute chochote kilichobaki. Na kweli, katika ghala la polisi kunapatikana sanduku lenye viatu na nguo za marehemu. Baadaye Morse anatoka hospitali, anaifikia nyumba aliyokulia Joanna huko Derby, nyumba iliyo karibu kubomolewa. Anabandua karatasi za ukutani. Chini yake mna alama za vimo, kama zile ambazo wazazi wetu walituwekea kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango. Alama ya Joanna ni ya mwanamke mfupi. Maiti iliyoopolewa ilikuwa ya mwanamke mrefu zaidi. Kisha anavuka hadi Ayalandi kufukua kaburi la mume wa kwanza wa Joanna, mfanya mazingaombwe aliyesemekana kufa zamani. Ndani ya jeneza hamna mtu.

Kwa kifupi, mke na mume walikuwa wamefanya hila ya kupata fedha za bima. Maiti ile ilikuwa ya mwanamke mwingine. Wale wawili walinyongwa kwa kumwua mtu aliyekuwa hai.

Sasa lazima niseme jambo kwa ajili ya haki. Hadithi hii ina mzizi wa kweli, na mzizi wenyewe hauna mazingaombwe. Mwezi wa Juni mwaka 1839 mwanamke aitwaye Christina Collins, mwenye umri wa miaka 37, alisafiri kwa mashua ya kampuni ya Pickford kutoka upande wa Liverpool kwenda London kumfuata mumewe. Njiani aliwaeleza watumishi wa kampuni kwamba mabaharia wanamtisha. Maiti yake iliopolewa mferejini karibu na mji wa Rugeley. Mabaharia wawili walinyongwa mbele ya umati huko Stafford mwaka 1840, na wa tatu akahamishwa. Christina Collins alikufa kweli, na kaburi lake liko Rugeley mpaka leo. Mwandishi wa riwaya aliyachukua mambo hayo akayapindua ili wasomaji tustarehe. Simlaumu, hiyo ndiyo kazi ya riwaya. Lakini nilipolijua hilo, starehe yangu ilipungua.

Wenye kuutazama mchezo ule huisifu akili ya Morse. Mimi, kwa kuwa nimekuwa mtu wa masjala kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kupewa kazi nyingine, nilimfikiria mtu ambaye haonyeshwi kabisa. Nani alilitunza lile sanduku? Kutoka mwaka 1859 hadi 1998 ni miaka 139. Hebu fikirini ni makarani wangapi walilisogeza, wakafagia chini yake, wakalirudisha rafuni. Kila mmoja alikuwa na mkubwa wake aliyesema, "Takataka hizi za nini? Nahitaji nafasi ya kuweka kiti." Mkubwa wa aina hiyo nimemtumikia. Anapokuja na amri ya kupunguza mafaili, anaanza na yale yasiyo na mtu wa kuyatetea.

Tunayo sheria ya kumbukumbu na nyaraka za taifa, ya mwaka 2002, nayo ni sheria nzuri. Lakini sheria haipanguzi vumbi. Kazi yenyewe ni ya karani ambaye kila karatasi inayoingia anaipa namba ya folio, na akiona namba ya 11 inafuatwa na ya 13 hakubali kulala. Huko California mwaka 2018 walimkamata mtu kwa uhalifu alioufanya katika miaka ya 1970 na 1980, kwa sababu vielelezo vilivyochukuliwa wakati ule, kabla kipimo cha vinasaba hakijajulikana, vilikuwa bado viko mahali pake. Wanasheria husema jinai haiozi. Naam; lakini karatasi huoza, na mchwa hawasomi sheria.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ningeweza kumaliza, nanyi mngepiga makofi. Lakini mguu ule ulinipa siku nyingi za kuwaza.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu. Wenzangu wa darasa wanalikumbuka kopo la maziwa lililowekwa michango ya mahafali ya kaka zetu wa kidato cha nne. Lilikuwa na shilingi 41,500, nalo lilifungiwa ndani ya tranka la kiranja wa bweni. Jioni moja, wakati wa prepo, kufuli likavunjwa. Kopo likaonekana asubuhi kwenye majani, tupu.

Hazikupita siku mbili akapatikana wa kushukiwa. Sitamtaja jina, ingawa wengi wenu mnalo mdomoni sasa hivi. Alikuwa akitoka kwao mbali, ada yake ilichelewa kila muhula, na alikuwa ameadhibiwa mara mbili kwa kutoroka. Isitoshe, wiki ile alikuwa amerudi kutoka kwao na viatu vipya vyeusi vya ngozi, yeye ambaye mwaka mzima tulikuwa tumemwona na ndala. Watu wa namna hiyo, tulijiambia, wasipokuwa wao ni nani?

Aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na sisi wa bweni lile tukapangwa mstarini nje ya ofisi. Aliulizwa jioni ile alikuwa wapi, kwa kuwa hakuonekana darasani. Akasema alikuwa nje ya ua, nyuma ya jiko, akila mihogo ya kuchoma ya yule mama aliyekuwa akituuzia kwa siri. Akaulizwa alikuwa na nani. Mlango ulikuwa wazi. Akageuka akanitazama mara moja, kisha akasema alikuwa peke yake.

Hakuwa peke yake. Alikuwa nami. Tulikaa pale tangu kengele ya kuanza prepo mpaka kengele ya kumaliza, na mihogo ile nililipia mimi. Wakati huo nilikuwa kiranja wa taaluma, kazi yangu hasa ikiwa kuandika majina ya wasiohudhuria prepo. Kama ningesema, ningevuliwa ukiranja, nami nilikuwa naogopa barua kwa baba kuliko viboko. Mwalimu wa zamu akatoka akatuuliza mara mbili kama yuko mwenye kujua lolote. Nilitazama chini. Mwenzetu alifukuzwa shule siku ile ile, akaondoka na tranka lake kichwani, na viatu vile vilibaki ofisini kama kielelezo.

Kuna watakaosema tulikuwa watoto. Ni kweli, nilikuwa na miaka 17. Naye alikuwa na 17.

Mguu ulipopona nilimwomba Mkuu wa Shule wa sasa ruhusa ya kuangalia kumbukumbu za nidhamu za miaka ile. Namshukuru sana, na zaidi namshukuru karani wake, kwa sababu jalada lipo. Lina mchwa kidogo pembeni, lakini folio zote 14 zimo, kwa mfululizo. Katika muhtasari wa kikao imeandikwa kwamba wanafunzi wa bweni waliulizwa na hapakuwa na aliyekuwa na habari. Chini yake imeandikwa kwamba mtuhumiwa alikuwa na viatu vipya ambavyo hakuweza kueleza alivyovipata. Siwalaumu walimu wale. Waliandika walichoambiwa na walichonyimwa.

Nimemtafuta. Haikuwa kazi ngumu. Ilinichukua siku nne, na miaka mingi ya kutoitaka. Ni fundi seremala, ana karakana yake na vijana watatu wanaojifunza kwake. Nilipompigia simu aliniita kwa jina langu la utani la bwenini, ambalo tangu tumalize shule sijalisikia. Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi, pamoja na jinsi nilivyolisoma jalada. Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani salio limekwisha. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa.

Akaniuliza, "Na viatu? Wameandika nini juu ya viatu?"

Nikamsomea.

Akasema, "Niliwaeleza. Niliwaambia kabisa. Mama aliuza mbuzi."

Hakuzungumzia fedha wala kufukuzwa. Kuhusu mimi alisema tu kwamba mihogo ya yule mama ilikuwa na chumvi nyingi, tukacheka, kila mmoja upande wake. Nilimwalika aje leo. Alijibu kwamba Jumamosi ana milango ya kumkabidhi mteja.

Nani aliyevunja kufuli lile, sijui hadi leo. Kama yumo humu ukumbini, masjala ya shule iko wazi siku za kazi.

Mimi nimeandika barua na kutia sahihi, na Mkuu wa Shule amekubali iingizwe katika jalada lile. Ni folio ya 15. Aya ya kwanza inaeleza mwenzetu alikuwa wapi jioni ile, na nani, tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Aya ya pili inahusu viatu. Nimeandika kwamba vilinunuliwa mnadani na mama yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu, kwa fedha ya mbuzi mmoja jike, na kwamba mwanafunzi aliieleza kamati hivyo siku ile. Barua nilimsomea kabla ya kuituma. Alinisahihisha mahali pamoja tu: mbuzi alikuwa dume.