Magofu ya Kongwa na Watu Wanaoyaendea

(Mazungumzo yaliyotolewa Dodoma katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumze kwa muda mfupi juu ya jambo la mkoa huu ambalo vijana wetu hawalipati vya kutosha darasani. Nimechagua magofu ya Kongwa. Wengi wenu hupita Mbande mkienda Dar es Salaam, nanyi hamkati kona. Leo nawaomba tukate kona pamoja.

Yafaa tuanze na historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka kwenye ndege. Wakarudi na hesabu nzuri kabisa: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Mwaka 1947 kazi ikaanza, na mahali pa kuanzia pakawa Kongwa.

Ndugu zangu, mpango huo haukukosa fedha wala watu. Askari wengi waliotoka vitani waliomba kuja. Matrekta yaliyotumika vitani yalinunuliwa hata kutoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya mashine mbili ili ing'oe vichaka. Reli ikatandikwa kutoka Msagali hadi Kongwa. Watu wetu nao walikuja kwa maelfu kutafuta kazi, kutoka Ugogo na mbali zaidi. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulisambaa kufuata njia ya reli, na wafanyakazi wa Kongwa nao wakagoma. Kwa hiyo asifikiri mtu kwamba wazee wetu walikuwa pale kama matrekta tu.

Lakini ardhi ilikataa. Mibuyu na miiba iliharibu mashine. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, na mchanga wake hula jembe la chuma kama msasa. Mvua nayo haina mkataba na mtu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizolimwa hazikufika 10,000. Walijaribu alizeti, ukame ukazikuta mwaka 1949. Januari 1951 mpango ukavunjwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Wataalamu wale walitazama wastani wa mvua. Mgogo hali wastani. Ukila sahani mbili leo na kesho ukalala njaa, mwenye hesabu atakuambia umekula sahani moja kila siku, lakini njaa umeipata. Watu waliokumbuka ile njaa kubwa ya Mtunya, iliyoua maelfu katika Ugogo baada ya Vita ya Kwanza, walilijua hilo bila kwenda shule. Hawakuulizwa.

Sasa nije kwenye magofu yenyewe. Nilifanya kazi ya mifugo katika wilaya hiyo miaka ya 1970, wakati Kongwa ilikuwa bado sehemu ya Mpwapwa. Nilizoea kuona sakafu za saruji zisizo na nyumba, matuta ya reli isiyo na reli, na vipande vya chuma ambavyo hata mafundi hawakuvijua. Katika kuzunguka kwangu nimetambua kwamba gofu halikai peke yake. Huvuta watu, nao ni wa namna tatu.

Namna ya kwanza ni wanaokuja kuchukua. Chuma kikiachwa porini hakikai. Wahunzi hutengeneza majembe, wengine hubeba matofali na mabati wakajenge. Mimi siwalaumu. Mgogo aliyenyang'anywa malisho yake kwa ajili ya karanga, akipata jembe kutokana na trekta bovu, nadhani amerudishiwa sehemu ndogo sana ya deni.

Namna ya pili ni wanaokuja kutumia. Ardhi iliyokataa karanga ilikubali ng'ombe, kama wenyeji walivyojua tangu zamani, na ndiyo maana ranchi ya taifa ya Kongwa iko pale. Watoto wa Wazungu nao walisomea Kongwa katika shule yao hadi ilipohamia Iringa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kisha wakaja wageni ambao Frank Samuel hakuwaota. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam. Mwaka uliofuata wapiganaji wakaanza kufika Kongwa: FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, na wengine. Walianzia kwenye majengo yaliyoachwa na mpango wa karanga, kando ya reli iliyokufa. Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa Msumbiji mwaka 1975, aliongoza kambi ya FRELIMO pale. Wapiganaji wa SWAPO waliopigana vita ya kwanza kule Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966 walitokea Kongwa.

Wala si Kongwa peke yake. Nachingwea, nako kulikokuwa na mashamba ya karanga, kulikuwa na kambi kubwa ya FRELIMO. Mazimbu, Morogoro, shamba la mkonge lililoachwa lilipewa ANC, wakajenga chuo cha Solomon Mahlangu. Wakoloni walijenga kwa ajili ya mafuta ya kula. Majengo yakatumika kuung'oa ukoloni. Hilo nalo tuliweke katika hesabu ya pauni milioni 36.

Namna ya tatu ni wanaokuja kutafuta. Hawa ndio walionifanya nisimame mbele yenu. Wapiganaji walikaa Kongwa miaka mingi. Walinunua maziwa na mboga kwa wenyeji, walicheza nao ngoma, wengine walipata watoto na akina mama wa pale. Halafu amri ikaja, wakaondoka usiku, na wengi hawakurudi. Wengine wamelala palepale katika makaburi ya Kongwa. Leo wapo watu wazima, wenye wajukuu, wanaojua tu kwamba baba alikuwa "mpigania uhuru", basi. Na kutoka kusini huja ndugu wanaotafuta kaburi. Mgeni wa namna hii hahitaji sanamu wala hotuba. Anahitaji mama mmoja mzee atakayesema: ndiyo, nilimfahamu, nyumba yake ilikuwa hapa.

Akina mama hao wanakwisha. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 amekwisha vuka 80. Matofali yakiibwa, picha zipo. Mama akifa, hakuna nakala.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja tu. Chama chetu kila mwaka huchanga kwa ajili ya rangi ya bweni na vikombe vya michezo. Mwaka huu tuongeze mchango mwingine: nauli na posho ya chakula ili wanafunzi wa somo la historia, pamoja na mwalimu wao, wakae Kongwa wiki mbili za likizo na kuandika maneno ya wazee. Wafike kwanza kwa viongozi wa kijiji. Waamkie, wasikilize kuliko kuuliza, na jina la mtu lisiandikwe bila ruhusa yake, kwa maana mambo ya uzazi ni ya heshima. Nakala moja ibaki maktaba ya shule, nyingine ibaki Kongwa kwa wenyewe.

Mpango wa karanga ulianguka kwa sababu waliokuja hawakuwauliza waliokuwapo. Sisi tulifundishwa kusoma na kuandika kwa jasho la watu hao. Tukawaulize tungali tunao.

Mimi naanza kwa kuchangia nauli ya wanafunzi wawili. Mweka hazina yupo pale mlangoni.