Wazee Walipofungiwa Ndani

Mazungumzo ya mhudumu wa wazee na wanafunzi wa kidato cha tatu

Mwalimu ameniomba niwaeleze kazi niliyoifanya Marekani wakati wa korona. Nilikuwa nikihudumia wazee katika kijiji cha wastaafu.

Najua mnajiuliza, hicho ni kitu gani? Ni nyumba nyingi pamoja, ambamo wazee hupanga. Kila mmoja ana mlango wake. Lakini mchana wanakula pamoja ukumbini, wanacheza karata, wanapiga soga. Hapo ukumbini ndipo penye uhai wao.

Basi, tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani likasema korona sasa ni janga la dunia nzima. Siku chache baadaye ukumbi wetu ukafungwa. Wageni marufuku, hata watoto wao wa kuzaa! Kwa nini? Kwa sababu virusi hivi husambaa kwa hewa, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo vinavyomwangusha zaidi.

Siku ilikuwaje? Asubuhi nilipimwa joto mlangoni na kuulizwa: Unakohoa? Koo linawasha? Kisha navaa barakoa. Chakula tuligawa mlango kwa mlango. Alasiri tulicheza bingo: kila mzee kwenye kiti mlangoni pake, mmoja wetu katikati anataja namba kwa sauti. Wenye masikio mazito walizoea kutazama midomo, na sasa midomo imefunikwa! Ikabidi tuwaandikie kwenye karatasi kwa kalamu nene.

Kulikuwa na bibi mmoja ambaye binti yake alikuja kila Jumapili, akasimama nje ya dirisha. Huyu ndani, huyu nje, wanaweka viganja kwenye kioo na kuongea kwa simu. Jumapili moja binti hakuja. Bibi akarudisha chakula vilevile. Hapo ndipo nilipojua kwamba upweke nao ni ugonjwa.

Sasa niwaambie siri. Asubuhi moja niliamka koo linawasha. Kidogo tu! Nisipokwenda kazini silipwi, na kodi ya nyumba inangoja. Nikajiambia, aa, ni baridi hii. Nikavaa viatu. Halafu nikakumbuka vile viganja kwenye kioo. Nikavua viatu, nikapiga simu kazini. Nilipopimwa, kumbe ninayo! Mwezi ule mfuko ulikauka, lakini bibi hakuupata ugonjwa kutoka kwangu. Mwaka 2021, baada ya kuchanjwa, binti yake aliingia ndani wakakumbatiana. Mimi nililia.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Lakini virusi bado vipo, na mafua pia yapo. Je, una babu au bibi nyumbani? Ukiwa unakohoa, usimkaribie. Vaa barakoa, osha mikono kwa sabuni, fungua madirisha. Na mtu anaweza kuambukiza wengine hata kama hana dalili.

Lakini usimnyamazie! Msalimie ukiwa mlangoni. Mpigie simu. Mwulize habari za zamani. Kumlinda mzee si kumtenga, wanangu.

JADILINI: Ungekuwa wewe, koo linawasha na kodi inangoja, ungefanya nini? Na mwajiri angeweza kusaidia vipi?