Ukoko wa Betri na Mavi ya Chuma

Mhadhara wa kigoda una desturi ya kuanza na shukrani ndefu. Nitashukuru mwishoni, nje, tukiwa na chai. Hapa naanza na simu yangu.

Mwaka jana ilianza kufumuka ubavuni. Kioo kikabenuka, mwanga ukawa unapenya kwenye ufa. Nikaipeleka kwa fundi simu, kijana mwenye meza isiyozidi sinia la pilau. Hakuishika hata. “Mzee, betri imevimba hiyo. Usilale nayo kitandani.” Akaibandua kwa kadi ya plastiki, polepole kama anayetoa mwiba wa mtoto, akaenda kuitumbukiza kwenye kopo la mchanga nje ya kibanda. Nikamuuliza ndani mna nini. “Hewa,” akasema, “na dawa.”

Nimesahihisha mitihani mingi yenye majibu mabaya kuliko hilo. Jioni hii naeleza hiyo hewa, hiyo dawa, na kitu cha tatu ambacho hakukitaja: unga mweusi.

Unga huo ni kinywe. Wanaapolo, wale wachimbaji wa Mirerani, wanaujua kuliko profesa yeyote, kwa sababu tanzanaiti imelala ndani ya miamba yenye kinywe, na mtu akipanda kutoka shimoni uso wote unametameta kama ncha ya penseli. Kwa miaka mingi kwao ulikuwa uchafu wa kuoga. Ndicho hichohicho kilichoko Mahenge na Ruangwa, na ndicho kilichoko upande hasi wa betri ya simu yako.

Kinywe ni kaboni tupu iliyojipanga kwa adabu. Atomi zake hushikana pembe sita sita kama sega la nyuki, zikafanya tabaka. Tabaka likalala juu ya tabaka. Ndani ya tabaka zimeng’ang’aniana, lakini kati ya tabaka na tabaka hakuna mshikamano wa maana. Fikiria chapati za mafuta ndani ya hotipoti: kila moja ni nzima, na zote zinateleza. Ndiyo maana penseli inaandika. Unapochaji simu, ayoni za lithiamu huhama kutoka upande chanya na kujipenyeza katikati ya chapati hizo. Unapoitumia, zinarudi zilikotoka. Kila atomi sita za kaboni hupokea lithiamu moja, basi. Kwa hesabu hiyo gramu moja ya kinywe hubeba miliampea-saa 372, na hakuna ufundi wa kiwandani utakaoipandisha. Simu ya miliampea-saa 4,000 inahitaji gramu 11 hivi, uzito wa karatasi mbili za A4. Naomba mkumbuke hizo gramu 11.

Sasa ile dawa. Ni kimiminika cha kikaboni kilichoyeyushiwa chumvi ya lithiamu. Betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza, ikiwa bado kiwandani, dawa hiyo huvunjika kidogo pale inapokigusa kinywe na kuacha utando mwembamba sana. Vitabu vina jina refu la utando huo. Mimi darasani nauita ukoko, na sijawahi kulazimika kueleza mara mbili. Ukoko ukishika vizuri unaruhusu ayoni kupita na kuzuia elektroni, hivyo dawa iliyobaki inasalimika. Ndiyo maana viwanda havina haraka na chaji ya kwanza. Huipika taratibu, ukoko uenee. Ukipasuka, dawa inakutana na kinywe upya, ukoko mwingine unajengeka, lithiamu inanaswa humo isirudi, na gesi inatoka. Betri iliyochoka ni sufuria yenye ukoko mnene. Iliyovimba ni ile ambayo gesi yake imekosa pa kutokea. Fundi wangu alikuwa sahihi.

Wapo wanaochanganya kinywe na silikoni, inayobeba lithiamu nyingi zaidi. Tatizo lake ni kwamba ikishiba huvimba mara tatu au nne ya ukubwa wake, na ukoko gani utastahimili hilo? Kazi inaendelea, tuwaache.

Ukoko haukupatikana kirahisi. Kwenye vimiminika vya miaka ya 1970, lithiamu ilipoingia kwenye kinywe iliiburuta dawa pamoja nayo, chapati zikachanika. Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Moroko, akiwa Grenoble, Ufaransa, karibu mwaka 1980 alikikwepa kimiminika kabisa: akatumia polima ngumu, akaonyesha kwamba lithiamu inaingia kwenye kinywe na kutoka salama. Mwaka 1985 Akira Yoshino, Japani, alijenga betri yenye kaboni itokanayo na mafuta ya petroli, na mwaka 1991 Sony ikaingiza sokoni betri za aina hiyo. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2019 ilimwendea Yoshino pamoja na Stanley Whittingham na John Goodenough, aliyekuwa na miaka 97. Nobel haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu, na Yazami hakuwamo. Sina ugomvi na wale watatu. Ila mwanafunzi wa Afrika anayehitimu kemia bila kulisikia jina la Yazami, amefundishwa nusu, na walimu wake ni sisi.

Kutoka maabara, tuje kwenye magunia ya kinywe chetu. Kinywe cha Mahenge hakiingii kwenye betri kama kilivyochimbwa. Kwanza kinasagwa na kueleshwa kwa povu: kinywe hakipendani na maji, kwa hiyo hupanda na mapovu huku mchanga ukizama. Hapo unafikia usafi wa asilimia 95 hivi, unafunga gunia, unapeleka bandarini. Betri inataka 99.95. Hiyo tofauti inayoonekana ndogo ndiyo biashara yenyewe. Vipande vinafinyangwa viwe vidonge vya mviringo, vidogo kuliko unene wa unywele, na humo nusu ya mali au zaidi huishia kuwa vumbi. Kisha uchafu unaondolewa ama kwa asidi ya hidrofloriki, inayotafuna hata kioo, ama kwa tanuru la nyuzi za Selsiasi zaidi ya 2,500, ambamo uchafu wenyewe unageuka mvuke. Zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha betri duniani hutengenezwa China. Desemba 2023 nchi hiyo ilipoanza kudai vibali kabla ya kukiuza nje, viwanda vya mabara mengine vilitambua kwamba kuwa na mgodi na kuwa na kinywe cha betri ni mambo mawili.

Tunapenda kusema ujuzi huu wa kuitawala kaboni ni mgeni kwetu. Nendeni Buhaya. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru la kuyeyushia chuma, kazi ambayo wengi wao hawakuifanya kwa takribani miaka 50. Wazee walichimba shimo, wakalisiriba udongo wa kichuguu, wakalijaza matete yaliyobabuliwa kwa moto, na juu yake wakasimamisha tanuru la udongo na mavi ya chuma, yaani takataka iliyobaki chuma kilipoyeyushwa zamani. Mirija minane ya udongo iliingia hadi ndani ya tanuru, kila mmoja na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Mwaka 1978 watafiti hao waliandika katika jarida la Science kwamba joto lilizidi nyuzi 1,800, kwa sababu hewa ilipata moto mirijani kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo ya hewa, na ubishi wao ni wa kisomi, si wa dharau.

Lakini hata wakishinda, matete yanabaki. Kwa nini matete, ilhali makaa ya mti yamo humohumo? Kwa sababu matete yaliyoungua huacha kaboni yenye nyuzi na nafasi tele, na mavi yaliyoyeyuka yakidondokea humo hukutana na kaboni kila upande. Chuma kisicho na kaboni hupinda. Kikipata kaboni isiyofika asilimia 2 kinakuwa chuma cha pua. Ikizidi, kinavunjika kama chungu. Wale wazee walikuwa wakiamua kaboni ikae wapi, iwe na umbo gani, iguse nini. Mhandisi wa betri hana swali lingine. Na kazi hiyo si ya jana: hukohuko Buhaya, karibu na Ghuba ya Kemondo, yapo mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hapo mlangoni pana gunia la kinywe. Kila mmoja apime gramu 11, aondoke nazo, na mwisho wa muhula azirudishe zikiwa safi kuliko alivyozipokea. Njia achague mwenyewe. Hidrofloriki tu haiguswi bila mimi kuwapo maabara: ile hupita ngozi ikafika kwenye mfupa.