Bwana Akipasuliwa, Kazi Itabaki na Nani?

Kaeni vizuri, munyonyeshe watoto, tuzungumze.

Leo tunasema juu ya bwana anayepasuliwa ngiri ya tumbo. Wengi munafikiri kwamba siku ya kupasuliwa ndiyo siku ya mwisho. Sivyo. Mganga anafanya kazi ya saa chache. Mama anafanya kazi ya majuma karibu 6.

Mama mmoja alipeleka bwana yake hospitali bila kupanga kitu. Mihogo ilikuwa ndani ya maji, mtoto mgongoni, chumvi imekwisha. Juma la 3 bwana aliona haya kumwona bibi yake amechoka vile. Akapakia gunia la makaa juu ya kinga. Mahali pa mshono pakavimba tena. Wakarudi hospitali, deni likaongezeka. Bwana hakukosa akili, na mama hakuwa mvivu. Hawakuhesabu majuma, ni hilo tu.

Basi tuhesabu pamoja.

Mbele ya kupasuliwa. Kama ngiri haiumi sana, mganga anaweza kukubali mungoje mpaka mavuno yamekwisha. Lakini ikiwa imekaza, inauma sana, hairudi ndani, ao mgonjwa anatapika, musingoje: mumlete hata usiku. Kaeni, bwana na bibi, muite na shemeji. Nani atachota maji? Nani atalima? Nani atauza sokoni? Wekeni unga, maharagi, kuni na feza kidogo. Mama wa kazi ya mshahara aombe ruhusa mapema kwa mkubwa wake, na karatasi ya mganga mkononi.

Juma la 1 na la 2. Usiende shamba la mbali. Bwana atembee kidogo kila siku, asilale tu. Akikohoa, akandamize mto juu ya kidonda. Nawa mikono na sabuni mbele ya kugusa kidonda. Kikae safi na kikavu. Usitie majani wala udongo. Apate maharagi, ndagala, mayai, sombe, matunda na maji mengi, choo kisiwe kigumu.

Juma la 3 mpaka la 6. Sasa unaweza kurudi kazini nusu siku. Lakini hapa ndipo hatari iko: bwana anajisikia mzima, kumbe ndani nyama haijashikana vema. Hapana jembe, hapana shoka, hapana gunia, mpaka mganga aseme ndiyo. Akae achambue maharagi, awasaidie watoto masomo. Hiyo si haya.

Rudini mbio hospitali ukiona: homa, usaha, kidonda kinafunguka, tumbo linavimba na anatapika, mguu mmoja unavimba na kuuma, ao pumzi inakatika.

Na wewe mama, kula. Lala. Usikose siku ya kupima mtoto na ya chanjo. Mlinzi akianguka, wagonjwa ni wawili.

Maulizo ya kujibu pamoja nyumbani:
1. Nani atashika shamba letu majuma 6?
2. Bwana atafanya kazi gani akikaa?
3. Dalili gani zitaturudisha hospitali siku ileile?